Hofu na Makao Yake: Uchambuzi wa Nadharia za Hisia za Binadamu

Mnamo mwaka 1872 Charles Darwin, mwanachuoni wa Uingereza ambaye jina lake lilikwisha kuenea duniani kwa sababu ya nadharia yake ya asili ya viumbe, alitoa kitabu juu ya namna hisia zinavyodhihirika kwa wanadamu na kwa wanyama, na ndani yake alisimulia jaribio dogo alilolifanya juu ya nafsi yake mwenyewe katika bustani ya wanyama ya London. Aliuweka uso wake karibu na kioo kinene ambacho nyuma yake alikuwamo moma, nyoka wa Afrika mwenye sumu kali, akaazimia kwa dhati kwamba nyoka akipiga hatarudi nyuma hata kidogo. Lakini nyoka alipopiga, azma yote ilitoweka, na mtaalamu akajikuta ameruka nyuma kwa kasi iliyomshangaza mwenyewe. Akili yake ilijua kwa yakini kwamba kioo kipo na hatari haipo, wala hakuwa amepata kukabiliwa na hatari ya namna ile maishani mwake, na juu ya hayo yote mwili ulimwasi.

Kisa hiki kifupi kinabeba takriban maswali yote ambayo elimu ya nafsi na elimu ya ubongo zimekuwa zikiyabishania tangu wakati ule. Swali la kwanza ni la mahali: je, hofu hukaa moyoni, ubongoni, au katika mwili mzima? La pili ni la utangulizi: je, mwili hutetemeka kwa kuwa mtu ameogopa, au mtu huogopa kwa kuwa mwili wake umetetemeka? La tatu ni la asili: je, mwanadamu huzaliwa na hisia zake zikiwa kamili, au hufundishwa na wale wanaomlea? Nimechagua kuifuata hofu peke yake kati ya hisia zote, kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa zaidi, na anayeielewa hofu vyema hupata njia ya kuzielewa ghadhabu, huzuni na furaha. Rai yangu ni kwamba kila nadharia kubwa ilishika sehemu ya kweli, ikapotea pale ilipodai kuwa sehemu hiyo ndiyo kweli yote. Na upotevu huo haukubaki vitabuni, bali uliingia katika tiba, katika malezi na katika namna tunavyohukumiana.

Haifai kudhani kwamba mjadala huu ulizaliwa Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwa Kiarabu kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, na katika sehemu ya nafsi alizipambanua ghadhabu, huzuni, hofu na wasiwasi, akasema kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba ugonjwa wa upande mmoja huweza kuuathiri upande wa pili. Zaidi ya hayo, aliusia kwamba kama vile mtu mwenye hadhari anavyoweka dawa nyumbani kabla ya maradhi, ndivyo impasavyo kujiwekea fikira njema wakati wa utulivu, zije zimfae siku ya fadhaa. Ndani ya wasia huo mna madai mawili yatakayotawala mjadala wa karne nyingi baadaye: kwamba hisia ni jambo la mwili na nafsi kwa pamoja, na kwamba fikira ina uwezo juu yake.

Nadharia ya kwanza ya zama zetu iliyotikisa desturi ya kufikiri ilitolewa na William James, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, katika makala aliyoiandika mwaka 1884, na mwaka uliofuata tabibu wa Denmark, Carl Lange, bila ya kushauriana naye, akatoa rai iliyokaribiana sana na yake. Watu wote hudhani kwamba tukimwona dubu tunaogopa, kisha tunakimbia. James akageuza mpangilio huo, akasema kwamba tukimwona dubu mwili hubadilika papo hapo, moyo ukaenda mbio, pumzi zikakatika, misuli ikakaza, na kule kuyahisi mabadiliko hayo ndiko tunakokuita hofu. Hoja yake kubwa ilikuwa ni kumtaka msomaji aifikirie hofu kali, kisha aondoe kimoja kimoja mapigo ya moyo, kutetemeka kwa midomo, kulegea kwa miguu na kusisimka kwa ngozi, ajiulize kilichobaki. Naye alidai kwamba hakibaki kitu ila fikira baridi isiyokuwa na hofu ndani yake. Lange alikazia zaidi mishipa ya damu, akiona kwamba kubanwa na kupanuka kwake ndiko chimbuko la kila hisia.

Uzuri wa nadharia hii ni kwamba ilimrudisha mwanadamu mwilini mwake, lakini kasoro yake ilibainishwa na Walter Cannon, ambaye naye alikuwa wa Harvard. Cannon ndiye aliyeonyesha kwamba kiumbe anapotishwa, adrenalini humiminwa katika damu, sukari ikaongezeka na damu ikaelekezwa kwenye misuli, ili mwili uwe tayari ama kupigana ama kukimbia. Basi hakuna awezaye kumtuhumu kwamba aliudharau mwili. Hata hivyo katika makala ya mwaka 1927 alitoa hoja nzito dhidi ya James. Kwanza, paka waliokatwa mishipa ya fahamu inayopeleka amri kwenye moyo na matumbo waliendelea kuonyesha ghadhabu mbele ya mbwa. Pili, mabadiliko yale yale ya ndani hutokea katika hofu, katika hasira, na hata katika homa na baridi kali, basi vipi yaweze kuwa ndiyo yanayozitenga hisia? Tatu, matumbo ni mazito ya kuhisi na ya polepole, ilhali hisia huja upesi. Nne, watu waliodungwa adrenalini hawakuogopa kweli, bali aghalabu walisema kwamba wanajiona kana kwamba wameogopa.

Mwanafunzi wake, Philip Bard, akaonyesha mwaka 1928 kwamba paka aliyeondolewa gamba la ubongo huweza kunguruma, kutoa makucha na kusimamisha manyoya kwa kuguswa tu, maadamu sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi imesalimika. Kutoka hapo wachunguzi wakaanza kuitafuta hisia ubongoni kama anavyotafutwa mkaazi katika mtaa. James Papez alichora mwaka 1937 mzunguko wa sehemu za ubongo alizoziona kuwa ni njia za hisia, naye Paul MacLean baadaye akaziunganisha katika mfumo mmoja aliousawiri kuwa ni urithi wa mamalia wa kale, uliofunikwa na gamba la akili lililokuja nyuma. Picha hiyo ilipendwa mno, kwa kuwa ilifanana na mazoea ya kumwona binadamu kuwa ni akili iliyompanda mnyama. Lakini uchunguzi wa baadaye haukuiunga mkono, maana sehemu za hisia na sehemu za fikira zimefumana na kusaidiana kiasi kwamba mpaka kati yao hauonekani.

Hapo ndipo inapotokea amigdala, kiungo kidogo chenye umbo la lozi kilichomo ndani ya kila upande wa ubongo, karibu na usawa wa masikio. Katika miaka ya 1930 huko Chicago, Heinrich Klüver na Paul Bucy waliwaondolea nyani sehemu za ubongo za pande zote mbili za kichwa, na nyani waliokuwa wakali wakawa wapole wa ajabu, wakawakaribia hata nyoka bila ya woga. Na mwaka 1956 Lawrence Weiskrantz akaonyesha kwamba kuharibika kwa amigdala peke yake kwatosha kuleta sehemu kubwa ya hali hiyo. Joseph LeDoux wa New York akaifuata njia hiyo kwa panya waliozoeshwa kusikia mlio unaofuatwa na mtikiso wa umeme, akagundua kwamba habari ya mlio huifikia amigdala kwa njia mbili: moja fupi na ya haraka, isiyopitia kwenye gamba la ubongo, na nyingine ndefu inayopitia huko na kuleta maelezo yaliyo wazi zaidi. Aliyesoma kitabu chake cha mwaka 1996 angeweza kudhani kwamba siri ya Darwin na moma imefichuka: njia fupi ilimrusha nyuma kabla njia ndefu haijaleta habari ya kioo.

Lakini maumbile hayakukubali kufungiwa kirahisi namna hiyo. Yuko mwanamke mmoja wa Marekani, anayetajwa vitabuni kwa herufi mbili tu ili jina lake lisitirike, ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na maradhi adimu. Wachunguzi waliandika mwaka 1994 kwamba alishindwa kuitambua hofu katika nyuso za watu, na mwaka 2011 wakaeleza jinsi alivyoshika nyoka na kupita mahali pa kutishia watu bila ya kuonyesha woga wowote. Ushahidi ulionekana kamili, mpaka mwaka 2013 alipovutishwa pumzi ya hewa iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi kwa kiasi cha asilimia 35, na mara ile yeye aliyesadikiwa kuwa hana hofu akashikwa na kiwewe kikubwa. Na ndivyo ilivyokuwa kwa wagonjwa wengine wawili wenye kasoro kama yake. Basi hofu itokayo nje, ya nyoka na ya giza, yaihitaji amigdala, lakini hofu itokayo ndani, ya kukosa pumzi, ina njia nyingine. LeDoux mwenyewe, kwa uaminifu unaostahili sifa, alirudi akasema kwamba mizunguko aliyoichunguza ni ya kujihami, na kwamba si haki kuiita hofu, maana mnyama huweza kujihami pasipo sisi kujua anahisi nini.

Wakati wachunguzi wa ubongo wakishughulika na mahali, wataalamu wa nafsi waliirudia nafasi ya hukumu ya akili. Mwaka 1962 Stanley Schachter na Jerome Singer waliwadunga wanafunzi adrenalini wakiwaambia kwamba ni vitamini, wengine wakaelezwa kwa usahihi yatakayowapata mwilini na wengine wakaachwa gizani, kisha kila mmoja akawekwa pamoja na mtu aliyeigiza furaha au hasira. Walihitimisha kwamba mtu asiyejua kwa nini moyo wake unakwenda mbio huiazima sababu kutoka kwa yale yanayomzunguka, na kwa hiyo hisia ni mchanganyiko wa msisimko wa mwili na jina ambalo akili inaupa. Nadharia hiyo ilienea upesi kuliko ushahidi wake, kwani waliojaribu kurudia jaribio hilo mwaka 1979 hawakupata natija ile ile, na msisimko usiokuwa na sababu ulionekana kuelekea zaidi kwenye fadhaa kuliko kwenye furaha.

Imara zaidi ni rai ya Magda Arnold, aliyoieleza mwaka 1960, kwamba kila hisia hutanguliwa na kupima, yaani nafsi kuliona jambo kuwa lina heri au shari kwake, na kwamba upimaji huo ni wa papo hapo, hauhitaji maneno wala tafakuri. Richard Lazarus na wenzake waliipa rai hiyo nguvu kwa jaribio lililochapishwa mwaka 1964: waliwaonyesha watu filamu ya jando la wenyeji wa Australia, lenye kukatwa kwa kisu, na picha zilikuwa ni zile zile, ila maneno yaliyofuatana nazo yalibadilishwa. Waliosikia maneno ya kukazia maumivu walisisimka mwilini zaidi, na waliosikia maneno ya kuyapunguza maumivu, au ya kueleza desturi ile kwa utulivu wa mtaalamu, walisisimka kidogo, na tofauti hiyo ilionekana hata katika jasho la ngozi zao. Robert Zajonc akapinga mwaka 1980, akisema kwamba kupenda na kuchukia huweza kutangulia kila fikira, na ubishi wao ukachukua miaka. Lakini ukiutazama kwa makini, sehemu kubwa yake ilihusu kiasi gani cha kazi ya ubongo kinastahili kuitwa fikira, kwa kuwa wote wawili walikubali kwamba upimaji mwingine hupita bila ya mwenyewe kuutambua.

Limebaki swali la asili, na hapa Darwin anarudi tena, kwani aliwaandikia wamisionari na watu wengine walioishi pande nyingi za dunia akiwauliza jinsi watu wa huko wanavyoonyesha hisia usoni, akahitimisha kwamba namna kuu za nyuso ni za binadamu wote. Paul Ekman aliipeleka rai hiyo kwa watu wa Fore wa Papua New Guinea mwishoni mwa miaka ya 1960, akawasimulia visa vifupi na kuwataka wachague picha inayolingana na kila kisa, na kutokana na majibu yao akatangaza kwamba ziko hisia za msingi zenye nyuso zake mahususi: furaha, huzuni, ghadhabu, hofu, karaha na mshangao. Hata yeye aligundua kwamba Wafore hawakuipambanua vizuri hofu na mshangao, na dosari hiyo ndogo ilikuwa ni dalili ya ikhtilafu kubwa iliyokuwa njiani.

Mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walieleza kwamba katika visiwa vya Trobriand uso wa macho makubwa na kinywa wazi, ambao Mzungu huusoma kuwa ni hofu, wenyeji aghalabu waliusoma kuwa ni ghadhabu na kitisho. Karibu zaidi nasi, mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa Wahadza, wawindaji wa kaskazini ya Tanzania waishio pande za Ziwa Eyasi, nao haukuonyesha kwamba watu hao huzilinganisha nyuso na visa vya hisia kama nadharia ya Ekman ilivyotazamia. Walipofaulu, kufaulu kwao kulitokana zaidi na kupambanua lililo zuri na baya, au utulivu na msisimko. Ushahidi huu una uzito wa pekee, kwa kuwa wengi waliokuwa wakijaribiwa hapo kabla walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya, na kuwafanya hao kuwa kipimo cha binadamu wote ni kosa ambalo hakuna hekima inayoweza kulihalalisha.

Kutokana na ushahidi wa namna hii, Lisa Feldman Barrett wa Boston amejenga nadharia kwamba ubongo haungoji mambo yaupate ndipo ujibu, bali hutabiri kila wakati hali ya mwili na mahitaji yake, na kwamba hofu hujengwa pale ubongo unapoupa maana msisimko wa mwili kwa kutumia maarifa yaliyokusanywa katika maisha, katika lugha na katika desturi. Kinyume chake, Jaak Panksepp alishikilia kwamba iko mifumo saba ya kale ya hisia ambayo binadamu anashirikiana na mamalia wengine, na alitoa hoja ambayo haijajibiwa kwa ukamilifu mpaka leo: ukiamsha kwa umeme sehemu fulani za chini za ubongo wa mnyama, atakimbia, na atajitahidi kuepuka kuamshwa tena, jambo ambalo ni vigumu kulieleza ikiwa hahisi lolote.

Nikiyapima yote haya, naona kwamba tunalolitaja kwa neno moja hofu ni mambo matatu ambayo kwa kawaida husafiri pamoja, lakini yaweza kutengana. La kwanza ni kujihami kwa mwili, ambako ni kwa kale, kwa haraka, na hakuombi ruhusa ya akili. Hilo ndilo lililomrusha Darwin. La pili ni upimaji wa jambo, ambao huathiriwa na malezi, na maarifa, na maneno tunayoyasikia. Hilo ndilo lililobadilika katika filamu ya Lazarus. La tatu ni ile hali ya kujihisi kwamba mimi ninaogopa, ambayo huyakusanya mapigo ya moyo, na kumbukumbu, na maana, ikawa kitu kimoja ndani ya nafsi. James alisema kweli juu ya malighafi ya hali hiyo, Cannon juu ya haraka ya ubongo, Arnold juu ya hukumu, na Barrett juu ya maana tunazorithishwa. Na kila mmoja alipokosea, alikosea kwa kulipa jambo moja jina la yote matatu. Kwa hiyo hofu haina nyumba moja ya kukaa, maana ni tendo la mtu mzima mbele ya ulimwengu wake.

Tofauti hizi zina matokeo makubwa katika maisha. Dawa nyingi za wasiwasi zilijaribiwa kwa wanyama kwa kutazama kama wanapunguza kuganda na kuepuka, na LeDoux pamoja na tabibu Daniel Pine waliandika mwaka 2016 kwamba hii ni sababu mojawapo ya matumaini makubwa kuzaa matunda haba, kwa kuwa dawa iliyotuliza kujihami haikulazimika kuituliza hofu anayoihisi mgonjwa. Kadhalika, yako makampuni yanayouza mitambo inayodaiwa kusoma hisia za mtu kutoka usoni mwake, na ikiwa Wahadza na watu wa Trobriand hawazisomi nyuso kama zinavyosomwa Boston, basi kumwajiri mtu, kumtilia shaka au kumhukumu kwa sababu ya uso wake ni dhuluma iliyovishwa vazi la elimu. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2024 juu ya akili mnemba, umeikataza mitambo hiyo kazini na shuleni, isipokuwa kwa ajili ya tiba au usalama. Nchi zetu nazo zina kila sababu ya kufikiri mapema juu ya jambo hilo.

Upande wa malezi na tiba, mafunzo ni ya kutia moyo. Joseph Wolpe, tabibu aliyezaliwa Afrika ya Kusini, alieleza mwaka 1958 jinsi mwenye hofu anavyoweza kupona kwa kukabilishwa hatua kwa hatua na kile anachokiogopa huku mwili wake ukiwa umetulizwa, na njia zilizotokana na kazi yake zimewafaa watu wengi. Njia hiyo haimwambii mgonjwa kwamba hofu yake ni upuuzi, wala haimwambii kwamba ubongo umekwisha kumhukumia. Humshika mkono mwilini, humsahihisha katika upimaji, na humpa uzoefu mpya wa kujihisi salama. Mzazi anayemfokea mtoto aache kuogopa amelisahau jambo la kwanza, na anayemwambia kwamba woga ndiyo tabia yake ya kuzaliwa amelisahau la pili. Mtoto anayetetemeka hana kosa kwa kutetemeka, kwa kuwa hakuchagua; lakini anaweza kufundishwa kulitazama upya jambo linalomtetemesha, na wajibu wa kumfundisha, kwa subira na kwa heshima, ni wetu sisi wakubwa tulio naye.